Dirisha Linalofumba Jicho

Jumatatu, tarehe 4

Leo Shangazi kashona suruali nyeusi kwa uzi wa bluu iliyokoza. Miguu yote miwili. Shangazi huyuhuyu ambaye akishika kitambaa tu anakwambia hiki kitachuja, hiki hakichuji! Mwenye suruali hakugundua. Niliyegundua ni mimi, na kwa vile mdomo wangu hauna komeo, nikasema.

"Taa ya kule chini," akajibu, akaanza kufumua. Basi. Hata hakuniita Kiherehere, na hilo ndilo jina ninaloitikia haraka kuliko langu mwenyewe.

Ngoja nieleze, maana daftari hili jipya halijui kitu. Shangazi ana chumba cha kushonea ghorofani. Mimi namsaidia: kutia vifungo, kupiga pasi, kupokea lawama. Chumba kina dirisha moja kubwa linalotazama jua linapozama. Asubuhi ni raha tupu. Mchana jua linaingia lenyewe, linakaa kwenye kiti kama mteja, na haliondoki. Msimu wa joto uliopita Shangazi alishikwa na kizunguzungu akaangukia cherehani, daktari akamkataza kukaa humo mchana. Akifunga pazia, giza. Akifungua, anaiva.

Sasa Mama Mwenye Nyumba kampa chumba cha chini, nyuma ya ngazi, ajaribu. Kina baridi kama mtungi lakini hakina dirisha hata la kupitisha sindano. Akikipenda ahamie, cha juu apewe kinyozi anayekitaka. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi ujao.

Na kule chini, kwa balbu ile, nyeusi na bluu ni mapacha. Shangazi asiyeona rangi si Shangazi. Ameanza kusema maneno kama "nimeshona miaka mingi, inatosha." Sitaki kuyasikia.


Jumanne, tarehe 5

Joto. Yeye chini, mimi juu, tunaongea kwa kupigiana kelele kwenye ngazi.


Alhamisi, tarehe 7

NIMEPATA KITU! Mkono unakimbia kuliko kalamu.

Jeli. Mwaka jana nilipasua nepi (mpya!) nione inavyomeza maji yote yale, nikakuta chengachenga zinazovimba kama wali uliosahaulika jikoni. Ukitia chumvi, zinatapika maji yote. Nilicheka nikanyamaza, nikadhani ni mazingaombwe tu. Kumbe ni ukoo mzima! Kwenye simu nimesoma, na kwenye kile kitabu changu cha kemia kisicho na jalada. Jeli ni wavu wa nyuzi ndefu mno, ndogo zisizoonekana, zimeshikana mikono na maji katikati. Zipo zinazohisi chumvi. Zipo zinazohisi uchachu: unafungia dawa ndani yake, inapita tumboni imejikunja, ikifika kwenye utumbo inajikunjua na kuiachia. Zipo za kufunika vidonda vya moto. Na zipo, hapa ndipo niliporuka mpaka nikagonga kichwa kwenye rafu, zinazohisi JOTO. Zikiwa baridi, angavu kama maji. Zikipata joto, nyuzi zinakumbatiana, zinageuka nyeupe kama maziwa. Zikipoa, angavu tena. Hakuna swichi wala waya. Watu wanazijaza katikati ya vioo viwili!

Nikashuka ngazi mbilimbili. "Shangazi! Dirisha linalofumba jicho lenyewe likiona jua!"

Hakuinua kichwa. "Na huo mdomo wako, utafumba lini?"


Ijumaa, tarehe 8

Nimekwenda kwa Mjomba. Karakana yake ya vioo na alumini iko ng'ambo ya uwanja, inatazamana na dirisha letu. Mjomba ni kaka yake Mama, Shangazi ni dada yake Baba. Wanaitana shemeji, na tangu harusi ya wazazi wangu wanagombea kitu kimoja: akili za ukoo huu zimetoka upande gani.

Mjomba alisikiliza penseli ikiwa sikioni. "Vioo viwili, katikati uji?"

"Jeli, Mjomba."

"Uji unaojua saa." Akapaza sauti kuvuka uwanja. "Shemeji! Huyu mtoto akili kachota kwetu!"

Shangazi akajibu kutoka ndani: "Subiri hilo dirisha lake livunjike! Hapo atakuwa wa kwenu kweli!"

Kakubali. Vipande vya vioo vilivyobaki kazini atanipa. Mjomba ni mtu wa mizaha, sijui kama atamaliza. Kazi zake nyingi zinazoanza kwa mizaha huishia kwenye mizaha.


Jumatatu, tarehe 11

Poda ya jeli nimeipata kwenye duka la malighafi za sabuni. Muuzaji tunamwita Povu, kwa sababu ya biashara yake na pia kwa sababu ya jinsi anavyoongea. Nimechanganya, ikawa nzito, safi, inang'aa. Nikaipasha moto. Ikabaki inang'aa. Nikaipasha zaidi. Inang'aa tu, inanitazama.


Alhamisi, tarehe 14

Povu ana makopo mawili ya poda nyeupe zinazofanana. Zote zinafanya shampuu iwe nzito, kwa hiyo kwake ni kitu kimoja. Kwangu sivyo! Nimerudi na jina nililoliandika mkononi kwa herufi kubwa. "Ungesema," akaniambia. Nilisema! Alikuwa anaongea yeye.

Nimefika nyumbani nikafanya kama kwa sukari: maji ya moto, koroga. Mabonge. Mabonge meupe yanayoelea kama makapi ya nazi. Nikakoroga mpaka bega likauma, nikaiacha sufuria nje ya mlango nikalala na hasira zangu.


Ijumaa, tarehe 15

Asubuhi nimekuta sufuria IMEJAA KIOO. Angavu, nzito, bila bonge hata moja. Ilikuwa inasubiri ubaridi! Hii poda haiyeyuki kwenye moto, inayeyuka kwenye baridi, kinyume cha kila kitu nilichowahi kupika.

Nikaijaza kwenye chupa ya jamu, nikampelekea Shangazi na beseni la maji ya moto. Akaizamisha kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya. Ikaanza pembeni, moshi mdogo, halafu yote, pyuu, maziwa.

"Umetia nini?"

"Sijatia kitu. Itoe."

Akaitoa. Akaitazama inavyosafika mpaka akaiona saa ya ukutani kupitia chupa. Akaizamisha tena. Na tena. Mteja akaja kuchukua gauni, akasubiri. Shangazi wangu, mwanamke mzima mwenye miwani miwili, amecheza na chupa ya jamu mpaka maji yakapoa, kisha akaniambia kwa ukali, "Kachemshe mengine."


Jumapili, tarehe 17

Shida ni kwamba inachelewa. Inageuka pale tu maji yanapokuwa ya kuunguza mkono, na kioo chetu hakifiki huko mpaka Shangazi awe ameshaiva. Kitabu kinasema chumvi inaivuta chini. Chumvi inazinyang'anya zile nyuzi maji, kwa hiyo zinakumbatiana mapema. Basi nimepanga chupa dirishani: bila chumvi, chumvi kidogo, chumvi ya kutosha. Nimetumia maji ya betri kutoka kwa fundi magari, maana ni safi hayana kitu ndani. Chupa ya katikati ndiyo yenyewe! Imefumba mchana jua lilipogeuka, imefumbua jioni. Nimecheza peke yangu.


Jumatano, tarehe 20

Kioo kikubwa cha kwanza. Tumekijaza kimesimama, tukarudi nyuma kukisifia. Kikaanza kuvimba chini.

"Kina mimba," Mjomba akasema.

Kikajifungua. Gundi iliachia pembeni, jeli yote ikamwagikia viatu vyake, ikaingia mpaka kwenye soksi. Nilisubiri kelele. Akakaa chini juu ya ndoo, akacheka mpaka akashika mbavu, na Shangazi dirishani naye akicheka, na mimi katikati sijui nilie au vipi.

"Uzito wa maji unasukuma chini," akasema alipopata pumzi. "Kirefu kitatoa tumbo daima. Tufanye vidogo. Sita. Juu vitatu, chini vitatu."


Ijumaa, tarehe 22

Chini, Shangazi katia kifungo cha kijani kwenye shati la kijani kibichi. Si kijani kile. Kafumua.


Jumatano, tarehe 27

Gundi inakauka. Mjomba kakataza kugusa. Nimegusa. Kaanza upya pembe moja bila kusema neno, na hilo ni baya kuliko matusi.


Jumatatu, tarehe 1

Mwezi mpya. Kinyozi kaja kupima ukuta wetu kwa ajili ya kioo chake. Alipima kwa mikono, akaacha alama ya vidole.


Jumapili, tarehe 7

Tumefunga vioo vyote sita! Tumejaza tangu asubuhi, ndoo baada ya ndoo, Mjomba akiziba, mimi nikimimina. Mwishoni maji yaliniishia, nikamalizia haraka kabla jua halijatupata. Kesho Shangazi anakaa juu. Sitalala, lakini naandika hapa kwamba nitalala.


Jumatatu, tarehe 8

Niandike taratibu, maana nikiandika haraka nitalia.

Saa tatu asubuhi, hata joto halijafika, vioo vitatu vya chini vilikuwa vyeupe pee. Vya juu, angavu kabisa. Mchana vya juu vikafumba pia, vizuri, kwa wakati wake. Jioni vya juu vikafumbua. Vya chini vimegoma. Vyeupe mpaka giza lilipoingia.

Kwa hiyo asubuhi yote, wakati wake mzuri kuliko wote, Shangazi alikaa mbele ya ukuta wa maziwa. Meza iko chini, mwanga alioutaka uko juu unaangazia dari. "Umenifungia ndani ya yai," akasema. Halafu, polepole, akakunja kazi yake akaishusha chini. Nilisikia kila ngazi.

Nikavuka uwanja nikamwambia Mjomba ni gundi yake. Nikasema inatoa harufu ya siki, bila shaka imeingia kwenye jeli ikaiharibu. Nikasema alifanya haraka kwa sababu kwake kila kitu ni mzaha.

Hakucheka. Alikuwa anafuta kisu cha kukatia vioo, akaendelea kukifuta. "Pitisha kidole kwenye kingo za vile vioo," akasema. "Zote." Akaniacha hapo.

Nimerudi nikapitisha. Vioo sita, kila kimoja na vipande viwili, na kila ukingo umesuguliwa mpaka ukawa laini kama kifungo. Hata kingo ambazo zimezama nusu ndani ya fremu, nikazifikia kwa ukucha, na hakuna mtu mwingine atakayezigusa. Kasugua usiku gani, mimi nikidhani anasahau? Alifikiria vidole vya Shangazi. Sikuwahi kumwona Mjomba vile. Nilimwona kama redio, kitu cha kuchekesha kinachoongea ng'ambo.


Jumanne, tarehe 9

Sijaandika kitu. Hiki ndicho nilichoandika.


Jumatano, tarehe 10

Nimekwenda kuomba radhi. Nilikuwa na hotuba nzima. Kabla sijafika sentensi ya pili Mjomba akanisukumia kikombe cha chai.

"Kunywa kwanza. Umekauka kama gundi."

Nikanywa. "Mjomba, chai yako ina chumvi."

"Chai ya mtaa mzima ina chumvi. Bomba hili la kisima umelijua leo? Hata sabuni haitoi..."

Sikumsikia tena. Nilisimama na kikombe mkononi, nikaiona akilini ndoo ya mwisho ya Jumapili. Maji ya betri yaliniisha kwenye vioo vya juu. Vya chini, vyote vitatu, nilimalizia na maji ya bomba. Kwa haraka! Na chumvi YANGU nikatia juu yake, kipimo kilekile. Chumvi juu ya chumvi. Jeli ya chini haijaharibika hata kidogo, inafanya nilichoiambia: inafumba mapema, na mchana wetu wote kwake ni joto.

"Ni mimi," nikasema. "Ni maji. Gundi yako haina kosa. Nisamehe, Mjomba."

Akakipokea kikombe. Kisha akaenda mlangoni akapaza sauti: "Shemeji! Amekosea! Leo ni wa kwenu!"

Na kutoka chumba kisicho na dirisha: "Anapoomba radhi ndipo anakuwa wa kwetu! Nyie hamjui!"


Alhamisi, tarehe 11

Wazo limenijia napiga mswaki. Kama bomba letu tayari lina chumvi, chumvi yangu ya nini? Nimejaza chupa mbili. Moja maji ya betri na chumvi ya dukani. Nyingine maji ya bomba matupu, bila punje. Nimezipanga dirishani.

Zimefumba pamoja! Ya bomba imetangulia kidogo sana. Maji tunayoyatukana kila siku, yanayoua sabuni na kuharibu chai, ndiyo jeli inayoyataka. Nimelibusu bomba. Fundi magari kaniona.


Jumamosi, tarehe 13

Tumevitoa vya chini, tukaanza kumwaga na kujaza upya, kimoja kimoja. Mjomba anaziba, mimi namimina, mara hii bila kukimbia. Viwili vilikuwa vimekamilika Shangazi alipoweka mkono juu ya cha tatu, cha pembeni kushoto.

"Hiki kiache hivihivi."

"Lakini hiki ndicho kibovu, Shangazi."

"Kibovu kwako. Wateja wangu wanajaribu nguo kona ile, na karakana ya shemeji iko pale inakodoa macho. Mchana kutwa hiki ni cheupe. Kiache."

"Mimi nakodoa?" Mjomba akauliza.

"Karakana nimesema."


Jumatano, tarehe 17

Shangazi ameshona juu mpaka saa kumi. Sikuuliza kitu. Kutouliza kumeniumiza meno.


Jumatatu, tarehe 22

Nimeanza kuona kitu. Mwanga wa dirisha likifumba si giza kama la pazia. Ni mweupe, umetawanyika, hauna kivuli. Mkono wa Shangazi hauiwekei sindano kivuli tena. Na kiti kile lilichokuwa linakaa jua, leo alikaa mteja wa kweli, akasinzia.


Ijumaa, tarehe 26

Siku ya joto kuliko zote. Mbwa wa uwanjani alilala kwenye beseni la nguo. Na leo ndipo Mama Mwenye Nyumba alipokuja kuchukua jibu, na kinyozi nyuma yake kashika futi ya kupimia.

Ilikuwa saa tisa. Vioo vyote sita vyeupe, jua likigonga nje kama mtu aliyesahauliwa mlangoni. Shangazi alikuwa anashona. Suruali nyeusi.

"Karibuni," Shangazi akasema. "Nipe dakika, nabadili uzi."

Akavuta droo. Vibiringi viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono ule. Mimi nilivijua. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na kwa kweli, sikuweza kutofautisha. Mama Mwenye Nyumba akainama. "Si vyote vyeusi, mama?"

Shangazi hakuvisogeza dirishani. Hakuvua miwani, hakuvaa nyingine. Alivitazama tu pale mezani, akarudisha kimoja kwenye droo. "Hicho ni bluu," akasema, akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza tu.

Kinyozi akakiokota kile cha droo, akatoka nacho mpaka uwanjani kwenye jua kali. Tukamsubiri. Tukamsikia kutoka chini: "Ni bluu kweli!"

Basi Shangazi akasimama. Akavuta kiti, akapanda, akashusha pazia lile zito la zamani, akalitandaza mezani, akachukua mkasi mkubwa na kulipasua katikati, krrrr, mpaka mwisho.

"Kinatoka nini?" nikauliza.

"Aproni yako. Unanukia siki." Kisha kwa Mama Mwenye Nyumba: "Chumba cha chini mpe huyu kijana."

"Nyuma ya ngazi?" kinyozi akasema. "Niwanyoe watu masikio?"

Tumecheka wote, hata yeye. Mama Mwenye Nyumba kabla hajatoka alikibonyeza kioo kwa kidole, akakitazama kidole. Akasema naye ana chumba kinachotazama jua, na ana gauni la kushonwa, akaniuliza mimi, MIMI, ningeweza kuja kuangalia lini.


Jumatano, tarehe 3

Vifungo. Sare arobaini za shule. Raha.


Jumatano, tarehe 10

Mvua!

Ilikuja mchana, ghafla, na upepo wa baridi mbele yake. Mama Mwenye Nyumba alikuwa kwenye ile kona ya kujaribia nguo, anajaribu gauni lake, kalishusha mpaka kiunoni ili Shangazi apime mabega. Mimi nilikuwa chini ya meza natafuta pini. Nikaona kitu sakafuni ambacho sijawahi kukiona saa ile: mstari wa mwanga wa kawaida. Nikainua kichwa. Vioo vya juu vimefumbua. Vya chini viwili vimefumbua. Na kile cha pembeni, kile kibovu, kile ambacho tangu kizaliwe hakijawahi kufumbua mchana, kilikuwa kinasafika taratibu kutoka ukingoni kwenda katikati, kwa utulivu, kama mtu anayeamka.

Ng'ambo ya uwanja alionekana Mjomba, kasimama mlangoni mwa karakana, mikono yote miwili imeshika kioo kizima cha mlango.

"SHEMEJI!" Shangazi akapiga kelele iliyonyamazisha mvua. "Fumba macho!"

"Nimeshika kioo!"

"Macho si mikono!"

Akayafumba. Akabaki pale amekumbatia kioo chake, kipofu, analowa, haendi mbele wala nyuma. Mama Mwenye Nyumba akanyoosha mkono kutafuta pazia. Hakuna pazia. Pazia nimelivaa mimi.

Nikaivua ile aproni nikaitandaza dirishani kwa mikono miwili, nikasimama hivyo, mgongo nimewageuzia, nikicheka kimyakimya mpaka kitambaa kikatikisika. Nyuma yangu nikasikia kicheko cha Shangazi, kisha, baada ya kufikiria kidogo, cha Mama Mwenye Nyumba.

Sasa ni jioni, mvua bado. Dirisha zima liko wazi na tunaona mpaka mwisho wa uwanja, kila tone. Shangazi kanipa kipande cha pazia kilichobaki, kama ukubwa wa leso, na uzi. "Upinde vizuri," kasema. "Kioo kimoja, pazia moja." Nimekaa kwenye mwanga wa dirisha, kwenye kile kiti cha jua. Uzi aliochagua ni bluu. Nimeuona mwenyewe.